Sikio la Kushoto

6 Februari

Shangazi,

Naanza na hili kabla ya shikamoo, kwa sababu nikianza na salamu nitaishia kwenye habari za kuku na karatasi itakwisha. Baba hasikii. Sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Basi, nimeliandika, limetoka.

Shikamoo, shangazi. Huku hatujambo. Mama angekusalimu kama angejua ninakuandikia. Kuku wetu mweupe amegoma kutaga, na Mama anasema amejipa ustaafu bila kuaga. Najua hupokei simu zinazotoka nyumba hii, ndiyo maana barua hii nimempa dereva wa lori la kiwandani, yule anayeshusha mabomba kwenye duka la vifaa vya ujenzi mkabala na chumba chako cha kushonea. Ameapa kuibandika juu ya kioo chake pamoja na leseni. Anasema hafungui barua za watu, za kwake mwenyewe zinamtosha.

Tangu nimalize shule nilikuwa nyumbani tu nikisubiri matokeo, mpaka Mama akachoka kuniona nikihama na kitabu kutoka kiti hadi kiti. Baba akaniombea kibarua kiwandani kwao. Nilidhani nakijua kile kiwanda kwa sababu nimekua nikifua ovaroli zake, kumbe nilijua grisi tu. Chuma huingia kikiwa kimeviringishwa kama mkeka, mzigo ambao hubebwa na kreni. Kinapita kwenye rola nyingi, kila moja inakikunja kidogo, mpaka kingo zake mbili zinakutana na moto unaziunga. Mshono unakimbia umenyooka kuliko wa cherehani, usinikasirikie. Halafu msumeno unakata, na mabomba yanaletwa chumba cha nyuma, ambako mlango ukifungwa kelele za mtambo hubaki nje. Humo tuko wawili. Mimi napaka rangi ncha za mabomba: nyekundu kwa membamba, buluu kwa ya kati, kijani kwa mazito. Baba anayagonga.

Sijui kama umewahi kumwona akiwa kazini. Analaza bomba juu ya vigogo viwili, analipiga mara moja kwa nyundo ndogo. Bomba zima hulia, mlio mrefu mwembamba unaozunguka chumba mpaka ufike kwenye meno. Lenye ufa kwenye mshono hukohoa tu, kama chungu kilichopasuka. Ipo mashine ya kupima kwa maji, lakini hiyo hupima machache katika kila shehena. Yaliyobaki yote yanategemea sikio la Baba. Ndiyo maana kiwanda kizima kinamwita Kengele.

Siku zangu za mwanzo bomba moja lilikohoa hata mimi nisiyejua kitu nikashtuka. Baba alikuwa ameshaanza kulisogeza kwenye mazima. Akainua macho, akaniona, akasita, akalirudisha upande wa mabovu. Nikasema moyoni, ni uzee. Likatokea tena, na tena. Juzi nikafanya jambo ambalo sijivunii. Bomba likakohoa, nikakaza uso kama jiwe. Akalipitisha. Nikakunja uso. Akalirudisha.

Shangazi, Baba anasikiliza uso wangu.

Nikisema, watamwondoa. Hana kingine anachokijua, na hana jina lingine analoitwa. Nisiposema, kazi hii inakaa usoni pangu, na mimi uso wangu hata mwalimu akiniuliza jina ulikuwa unaniangusha. Wewe ni dada yake. Niambie nifanye nini.

Mwanao,
Kimya

27 Februari

Kimya wangu,

Marahaba, mwanangu. Barua imefika ikinuka dizeli, lakini imefika. Mimi mzima, isipokuwa goti, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Kazi zipo. Nashona sare za shule, na kila mzazi anataka ya mwanawe iwe kubwa ili avae mpaka aolewe. Huyo kuku mwambieni nitakuja na kisu, mtaona atakavyokumbuka kazi yake.

Nimekushonea gauni, dereva atakuletea. Kama mabega yatabana niambie, nimekukadiria kwa macho ya zamani.

Kuhusu hilo lingine, sina la kusema. Mimi na baba yako tuna yetu. Ulikuwepo siku tulipomzika bibi yako, ulisikia nilichomwambia getini mbele za watu. Sikuteleza ulimi. Mtu akitaka kusikia husikia. Wewe ni mtoto, usijitwishe mzigo wa wakubwa. Paka rangi yako, usubiri matokeo yako.

Ni mimi,
Shangazi yako

15 Machi

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limepumzika. Gauni nimelipenda sana, na mabega hayabani. Mama aliniuliza limetoka wapi, nikasema kwa rafiki. Akaligeuza, akatazama pindo kwa ndani, akasema, "Rafiki yako huyo anashona kama mtu ninayemjua."

Sikutaka kukuandikia tena. Uliposema huna la kusema nilikuelewa. Lakini nimefanya kosa na wewe umo ndani yake, kwa hiyo naona ni haki ulisikie.

Barua yako dereva alinipa wakati wa chai. Niliisomea nyuma ya rundo la mabomba. Nilikuwa nimejipa matumaini, unajua mtu anavyojidanganya, kwamba utanijibu mambo yatengenee. Nikarudi chumbani na ndoo yangu ya rangi, macho yamejaa. Sikulia kwa sauti. Nilipaka huku nimeinama, na kila nilipoinua uso ulikuwa hivyohivyo.

Baba akagonga bomba. Likalia vizuri kabisa. Akanitazama, akaliweka upande wa mabovu. Akagonga la pili, likaimba. Akanitazama. Mabovu. Mimi nilikuwa mbali, sikutambua kinachoendelea. Nilipozinduka, upande wa mazima ulikuwa mtupu na upande wa mabovu umefika kiunoni.

Msimamizi wetu anaitwa Saa Ngapi, maana hilo ndilo neno lake kuanzia asubuhi. Aliingia na saa yake mkononi, akaona lile rundo, akasahau hata kuuliza.

"Kengele! Leo umeamua kutufungia kiwanda?"

Akanyakua nyundo, akagonga la juu. Likalia. Akagonga lingine. "Hili lina kosa gani? Linaimba kuliko mke wangu!" Wapakiaji waliokuwa mlangoni wakacheka. Baba aliangalia midomo yao, akasubiri kidogo kama mtu anayechagua neno, akasema, "Leo sikuyaamini."

Wakacheka zaidi. Wakadhani ni mzaha wa mzee. Saa Ngapi akamwambia akapumzike, joto limempanda kichwani.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Nilikuwa upande wake wa kulia kama kawaida. Karibu na mlango akasema, "Ulikuwa unalia nini?"

Nikamwambia rangi iliniingia machoni.

Akatikisa kichwa polepole, kisha akasema, "Kesho usiniangalie."

Ni hayo tu. Asubuhi yake alihamisha vile vigogo viwili na kuvigeuza. Sasa anafanya kazi amenipa mgongo. Anajua kwamba najua, nami najua kwamba anajua, na kati yetu kuna ndoo ya rangi. Anagonga, anainamisha kichwa kama zamani, anapitisha. Kila bomba anapitisha. Usiku napoteza usingizi nikikumbuka yaliyokohoa. Ninachoweza ni kuyapaka alama ndogo ndani ya ncha, na watu wakienda kunywa chai nayavuta pembeni. Lakini mengine ni mazito kuliko mimi.

Sikuombi ujibu. Mama anaendelea kugombana naye. Jana alimwita mara nyingi akachimbe shimo la taka, wala hakugeuka. Alipotoa sahani mezani akaja. Mama akasema, "Ona! Akiitwa kazini hasikii, akiitwa kula anasikia." Nilitaka kumwambia kwamba sahani haikumwita, aliiona.

Mwanao,
Kimya

2 Aprili

Kimya,

Lori halikuja huku kwa majuma mawili, wanasema duka bado lina mabomba. Barua yako nimeisoma mpaka mkunjo wake umechanika. Sikusalimu na siulizi habari za mtu.

Nijibu swali moja. Ni sikio gani lililotangulia, na lilianza lini?

Shangazi

11 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Umeniogopesha.

Ni la kushoto. Miaka mingi, kabla hajapewa nyundo, alisimama kwenye msumeno unaokata mabomba, na msumeno ulikuwa upande wake wa kushoto. Unapiga kelele kama mtu anayechomwa. Vizibo vya masikio vilipoletwa, lenyewe lilikuwa limeshaondoka. La kulia bado linapata maneno ukiwa karibu na usipofumba midomo, lakini ule mlio mwembamba wa bomba haufiki tena.

Lini, sijui kwa hakika. Nakumbuka kitu kimoja. Bibi alipokuwa anaumwa, Baba alibadilisha kiti chake mezani. Alikaa kile cha mwisho kabisa, ukutani, ili sote tuwe upande wake wa kulia. Mama alidhani anakimbia jua la dirishani akaweka pazia. Lile pazia lipo mpaka leo, na Baba bado anakaa hapo. Kwa hiyo ni kabla Bibi hajafariki.

Kwa nini unauliza?

Huku mambo yamekuwa mabaya zaidi. Tumeanza oda kubwa ya mabomba ya jukwaa la ujenzi, yale ambayo mafundi husimama juu yake wakijenga ghorofa. Siku zote nilipofikiria bomba bovu niliona maji yanavuja. Sasa naona mtu.

Kimya

24 Aprili

Kimya wangu, mwanangu,

Marahaba, na nisamehe kwa ile barua isiyo na salamu. Sijambo. Nimeshona mkono wa shati juu chini leo asubuhi, ili ujue hali yangu.

Nitakuambia jambo ambalo uliliona nusu. Bibi yako alipokuwa anaumwa, mimi na baba yako tuligombana. Nilimwambia haji kumwona mama yetu, na kwamba akija anakaa kama gogo, mgonjwa anasema naye hajibu. Maneno yalikuwa makali. Mama yetu akafariki hatujapatana.

Siku ya mazishi, watu walipoanza kuondoka, nilimfuata kaka yangu pale getini. Nilijipanga kwa muda mrefu, unajua sisi watu wa ukoo huu, kuomba radhi kwetu ni kumkata jongoo kwa meno. Watu walikuwa wengi, nikasema kwa sauti ya chini, karibu kabisa na bega lake. Nilisema, "Kaka, nisamehe. Tumebaki wawili."

Hakugeuza hata shingo. Aliangalia mbele, akatembea akaingia garini.

Ndipo nikapandisha sauti, na hilo ndilo ulilolisikia wewe na kila mtu. Nikasema, "Sikio la kufa halisikii dawa." Tangu siku hiyo sijakanyaga kwenu, wala simu zenu sipokei.

Kimya, nilisimama upande wa kushoto. Nimekaa siku nzima nikisimama tena pale getini kichwani mwangu, nikitafuta kama labda nilikuwa kulia. Nilikuwa kushoto. Geti lilikuwa mgongoni na mti wa kivuli upande wangu wa pili. Miaka yote hii nimemnunia mtu ambaye hakusikia.

Sasa uliyoniuliza mwanzo, ambayo nilikuwa na wajibu wa kuyajibu mwanzo. Siri ya baba yako si yako kuitoa. Aitoe mwenyewe. Lakini bomba bovu usiliache lipite, hata kama dunia itakutazama. Hayo ni mambo mawili, usiyachanganye kama nilivyochanganya mimi sikio na moyo. Ukiyafuata yote mawili utaumia. Umia tu, mwanangu. Utapona.

Humu ndani kuna bahasha ya kaka yangu. Namuuliza kama naweza kuja. Ya getini sikuyaandika, hayo nataka kuyasema kwa mdomo. Mpe siku utakayoona inafaa.

Shangazi yako

19 Mei

Shangazi mpenzi,

Shikamoo, shikamoo tena. Kuku ametaga! Mama anasema alisikia habari za kisu. Matokeo bado. Dereva wa lori amekuwa mgonjwa wa mgongo, ndiyo maana barua imechelewa, na mengine nilichelewesha mimi kwa sababu sikujua niyaandike vipi. Nitayaandika yalivyokuwa.

Ilikuwa siku ya kupakia yale mabomba ya jukwaa. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, lori limerudi kinyumenyume mpaka karibu, wapakiaji wamepanga mstari, na Saa Ngapi amesimama katikati anauliza saa huku saa anayo. Baba alikuwa anamalizia rundo la mwisho, amenipa mgongo. Akagonga bomba. Likakohoa. Ni bomba refu, zito, nami sikuwa na muda wa kulivuta pembeni. Baba akalisukuma upande wa mazima, na mpakiaji wa kwanza akalishika ncha.

Nilisema, "Baba." Nilisema polepole, kama ninavyosema kila kitu.

Mpakiaji akalinyanyua.

Shangazi, nilipiga kelele. Sijui ilitoka wapi. Nilisema, "Hapana!" mpaka sauti ikagonga bati la paa ikarudi. Mpakiaji akaliachia bomba likaanguka. Saa Ngapi akageuka. Dereva akachungulia kutoka kwenye lori. Watu wote waligeuka, isipokuwa mmoja. Baba alikuwa analaza bomba linalofuata juu ya vigogo.

Kila mtu aliliona hilo. Hakuna aliyecheka.

Nilitembea, nikaweka kiganja juu ya bomba lake. Akanitazama. Akatazama nyuma yangu, akawaona wote wamesimama.

"Limekohoa?" akaniuliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Sikulisikia," akasema. Kisha akawageukia wale wengine, akasema kwa sauti, kubwa mno, kwa sababu hajui tena sauti yake ikoje: "Nina muda sisikii. Huyu mtoto ndiye alikuwa masikio yangu, na mimi nikamgeuzia mgongo. Shusheni yote."

Akanipa nyundo.

Tulishusha. Niligonga kila bomba, Baba amesimama kando yangu, na kila lililokohoa aliliondoa yeye mwenyewe kwa mikono yake. Yalikuwa zaidi ya nilivyoogopa. Saa Ngapi hakuuliza saa mpaka jioni. Tulipomaliza alimshika Baba bega, la kulia, akamwambia, "Ungesema, mzee." Baba akajibu, "Ningesema, ungeniita nani?"

Alikaa nyumbani kwa muda, nami nikawa siwezi kula nikimwona anafagia ua uliokwisha kufagiwa. Kisha wakamwita. Wamemweka karakana, ananoa misumeno ya mtambo, kazi ya macho na vidole. Anasema sasa yeye ni kinyozi, siku nzima kunoa wembe. Anaifanya vizuri na anaichukia kidogo. Akipita mbele ya chumba cha nyuma hageuki kutazama ndani. Sitakudanganya kwamba amefurahi.

Mama nilimwambia siku ile ile, kwa ruhusa ya Baba. Alikaa chini akalia, halafu akafuta macho akasema, "Kumbe miaka yote nagombana na ukuta!" Sasa anamgusa bega kwanza kabla ya kumsema. Kumsema hajaacha.

Mimi ndiye ninayegonga, mpaka matokeo yatoke. Wapakiaji wananiita Kengele Mdogo. Siku nzima kazi yangu ni kusema "hapana" kwa watu wazima, na bado uso unaniwaka, lakini nasema.

Bahasha yako nilimpa jioni ya siku ile ya kupakia, baada ya kunawa mikono. Aliisoma amesimama dirishani, lile la pazia, muda mrefu kuliko maneno yake. Kisha akaikunja akaitia mfuko wa kifuani. Akaniuliza, "Siku ile getini, dada yangu alisema nini? Nilipoingia garini niliona tu watu wananitazama, na yeye midomo inamtetemeka. Nikajua nimemkosea, sikujua kwa lipi. Nikaona aibu kuuliza."

Nikamwambia, "Atakuambia mwenyewe."

Humu ndani utakuta kipande cha kadibodi. Alikiandika kwa chaki ya kupimia, nami nimekifunga kwa kitambaa ili kisifutike njiani. Kina neno moja, njoo.

Basi njoo, shangazi. Na ukifika, simama upande wake wa kulia, umwambie yale ya kwanza, kama ulivyoyasema siku ile. Yale ya pili hajui kama yalisemwa. Mama hatayatoa, nimemwomba. Wale waliokuwepo wamekwishasahau, au watajifanya. Maneno yote mawili yaliangukia sikio la kushoto. La kwanza liokote. La pili liache hapohapo lilipoanguka, na tafadhali, shangazi, usimwambie mtu yeyote kwamba tuliwahi kuliona.

Mwanao,
Kimya